Niliomba Ndege, Nikaletewa Kunguru

Nyumba yetu iko Kiembe Samaki, chini kabisa ya njia ya ndege. Ukikaa pale miaka kumi kama mimi, huhitaji saa ya ukutani. Ya alfajiri inatikisa bati, ya mchana inawakata watu maneno midomoni, ya usiku hata mtoto mchanga anaizoea mpaka anaifanya wimbo wa kumlaza. Wageni wetu wakija kutoka shamba huziba masikio. Mimi ile kwangu haikuwa kelele. Kila ndege iliyoshuka ilibeba watu, na katika watu hao wawili watatu kesho asubuhi watakuwa nyuma yangu kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, kofia kichwani, chupa ya maji mkononi, nawaonesha milango.

Natembeza wageni. Si papasi, naomba hilo lieleweke mapema. Sikuwahi kumganda mtu ufukweni. Nina kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii na nilikaa darasani kukipata. Babu yangu alikuja Unguja kutoka Unyamwezi kuchuma karafuu, hakurudi kwao, na sisi wajukuu tumezaliwa hapa, tunazungumza kama watu wa hapa, ila Jumapili tunakwenda kanisani. Kwa kuwa nilibatizwa Mkunazini, kampuni iliyokuwa ikinipa kazi ilinipa makundi ya Mkunazini. Wenzangu walipenda mashamba ya viungo, maana kule mgeni ananusa, anaonja, anacheka, anatoa bahashishi. Mimi nikapewa kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa.

Nilikuwa na maneno yangu tayari, kama mtu anayejua sala kwa moyo. Soko hili lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Palipo na madhabahu, tunavyosimulia, ndipo uliposimama mti waliofungiwa watu wakachapwa viboko. Hapo nanyamaza. Halafu nawainua macho juu: paa la mawe ya matumbawe na saruji, limepinda kama nusu ya pipa, halina nguzo katikati. Askofu Edward Steere alipolijenga watu walisema litaanguka siku miti ya kulishikilia itakapoondolewa. Miti ikaondolewa, paa likakaa, mpaka leo. Kisha nawapeleka penye kisima cha ubatizo kuona zile nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu, kwa sababu, tunavyosimulia, Askofu alikuwa safarini, na mafundi walikuwa hawajawahi kuona nguzo za aina ile. Hapo wanacheka. Namalizia na msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambako moyo wa mmisionari Livingstone ulizikwa. Nilijua pa kunyamaza na pa kuchekesha, na sitaficha, bahashishi ilitegemea sana pale pa kunyamaza.

Miaka yote hiyo nilikuwa nasimulia imani ya Steere kwa watu waliolipa dola, na yangu mimi sijawahi kuiondolea miti.

Machi 2020 ndege zikaanza kupungua. Kwanza sikushtuka, kwa sababu Machi ni mlango wa masika na wageni hupungua kila mwaka. Lakini mara hii zilipungua kama maji yanayotoka kwenye ndoo iliyotoboka. Ilikuwa korona. Skuli zikafungwa. Mke wangu alikuwa akiuza maandazi asubuhi kwa watoto wa skuli. Skuli zilipofungwa na maandazi yakafungwa. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa kabisa. Usiku wa kwanza wa kimya niliamka saa nane nikadhani nimepoteza masikio.

Nilikuwa nadai. Kampuni ile ilikuwa na malipo yangu ya safari za Januari na Februari, jumla si ndogo kwa mtu wa hali yangu. Nilipompigia mwenyewe simu alisema, "Ijumaa, inshallah." Ijumaa gani hakusema. Nilikwenda ofisini kwake Ijumaa tatu. Ya nne mlango ulikuwa na kufuli, na mlinzi akaniambia bosi yuko Bara. Pesa ile sijaiona hadi leo, na naiandika hapa kwa sababu inahusika: katika miezi ile nilikuwa nimeanza kumfanya Mungu kuwa bosi wa pili. Naye nilimwekea daftari. Naye nilikuwa nakwenda kugonga mlango kila Ijumaa.

Kulikuwa na mahubiri yakitembea kwenye simu siku hizo, yanarushwa na watu wa kwaya kutoka kundi moja hadi jingine. Mhubiri anapaza sauti: dai chako, ahadi ni hundi, peleka benki. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa wino mwekundu Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho," nikaibandika kwenye mlango wa kabati. Kila usiku nasimama mbele ya kabati naomba ombi moja tu: Bwana, rudisha ndege. Sikuomba unga wala mafuta, niliomba ndege. Kisha natoka barazani, nakaa, nasikiliza mbingu kama mtu anayesubiri gari ya mwisho ya shamba.

Pasaka ilikuwa tarehe 12 Aprili. Watoto hawakupata nguo mpya. Tukala wali wa mchele wa mapembe na kisamvu, tukaimba, ikapita.

Dukani kwa Mpemba wetu nilikuwa na ukurasa wangu katika daftari la madeni, halafu kurasa mbili. Mpemba yule si mtu wa maneno mengi. Siku moja alinipimia nusu kilo ya sukari, akaandika, akaufunika ukurasa kwa kiganja. "Kaka," akasema, "mimi nami nadaiwa Darajani." Hakusema zaidi. Nilirudi na sukari yangu na aibu yangu, nikamwambia mke wangu, asiende tena dukani bila pesa mkononi.

Sasa niseme habari za kunguru, maana mtu wa Unguja akisikia neno hilo tu anakunja uso. Kunguru wetu hawa wa shingo ya kijivu ni wageni pia. Waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka za mji, wakaona mji mzuri, hawakuondoka. Wanatoboa mifuko, wanachukua vifaranga, wanakula mayai ya ndege wengine. Ukianika dagaa bila mtu wa kulinda umewaandalia karamu. Serikali imewahi kuwatega na kuwatilia sumu, na bado asubuhi wanatuamsha.

Wiki ya tatu ya Aprili mke wangu alipata vibua vitano kwa bei ya jioni. Akavikaanga, kila mtu chake. Mwanangu wa mwisho akatoka na chake barazani, maana mtoto hali kitu kitamu bila kutaka kuonekana. Nikasikia ukelele. Kunguru alikuwa ameshakichukua, yuko juu ya bati, anakirarua bila haraka kama mwenye nyumba. Nikamvulia kandambili nikamrushia. Kandambili ikakaa juu ya bati. Nikatukana. Nilitukana maneno ambayo mtu aliyepewa kusoma somo kanisani hatakiwi kuyajua, na majirani wote walisikia.

Usiku ule kwenye sala ya nyumbani mke wangu akasema yeye ndiye atakayesoma. Akafungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 17, na alipofika mstari wa nne akapunguza mwendo makusudi: "Nami nimewaamuru kunguru wakulishe huko." Watoto wakaanza kucheka chini chini. Akaendelea, mkate na nyama asubuhi, mkate na nyama jioni. Yule aliyenyang'anywa kibua akauliza kwa uchungu wa kweli, "Mama, hao kunguru wa Eliya walikuwa wanaiba kwa nani?"

Sisi wote tulicheka mpaka mimi nikatoka machozi. Lakini nilipolala swali lile halikulala. Mkate ule ulitoka wapi? Kuna mtu mahali aliyeuoka. Na kwa Eliya, mtu aliyelelewa katika Torati, kunguru ni najisi, yumo katika orodha ya Walawi 11 ya ndege wasioliwa. Mungu aliyemkataza ndege yule ndiye aliyemlisha kwa mdomo wake. Mimi nilikuwa naangalia juu nangoja ndege ya chuma yenye watu wa Ulaya ndani, kwa kuwa huo ndio mlango niliouzoea.

Siku chache baadaye Ramadhani ikaandama.

Majirani zetu karibu wote ni Waislamu. Sisi mwezi ule tunaishi kama wao mchana. Hatuli hadharani, hatupiki chakula cha kunukia adhuhuri, watoto wanajua. Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa Bi Mkubwa mmoja, mjane, watoto wake wengine wako Maskati. Jioni ya kwanza, mara tu baada ya adhana, tukasikia hodi. Mjukuu wake ameshika sahani imefunikwa kawa. "Bibi amesema futari hii." Ndani mlikuwa na mihogo ya nazi, vipande viwili vya changu, na pembeni kaimati zimelowa shira.

Hilo si jambo geni. Kila Ramadhani sahani zinatembea, na sisi Krismasi na Pasaka tunatembeza zetu. Geni lilikuwa kwamba jioni ya pili ikaja tena. Na ya tatu. Nikamwambia mke wangu, yule bibi anajua. Akanijibu, "Mtaa mzima ulisikia ukimtukana kunguru kwa ajili ya kibua kimoja. Unadhani hawajui kuhesabu?"

Na sahani hairudi tupu. Anayejua adabu za huku ataelewa nilivyoona haya. Jioni ya kwanza mke wangu alikuwa na ndimu. Ya pili alitia chumvi kidogo kwenye karatasi, jambo ambalo mama yake angeliona angefariki mara ya pili. Ya tatu hatukuwa na kitu. Akatoka uani, akakata mchaichai unaoota penye maji ya kufulia, akaufunga vizuri kwa ukuti, akaulaza ndani ya sahani iliyooshwa ikang'aa. Basi ikawa hivyo: inakuja na futari, inarudi na mchaichai, karibu mwezi mzima. Bi Mkubwa baadaye aliniambia kwamba alikunywa chai ya mchaichai mwaka ule mpaka mkojo ukanukia. Samahani, ni maneno yake.

Mimi ndiye niliyekuwa mgumu. Nilikula, lakini nilikula kama mtu anayekopa. Katika mawazo yangu jibu la Mungu lilikuwa halijafika, na hii futari ilikuwa ni wema wa jirani tu tunaposubiri jibu. Nilikuwa bado nasimama mbele ya kabati usiku. Mpaka mke wangu aliponikuta pale, akaisoma karatasi yangu nyekundu kwa sauti, akauliza, "Hii Biblia yako inaanzia mstari wa kumi na moja?"

"Una maana gani?"

"Soma wa kumi."

Nikasoma. Miaka sabini. Wale walioandikiwa barua ile walikuwa mateka Babeli, na kabla ya mawazo ya amani wanaambiwa kwamba watakaa huko miaka sabini. Wengi wao watakufa kabla. Nikapanda juu zaidi, mstari wa tano: jengeni nyumba mkakae ndani yake, kapandeni bustani mkale matunda yake. Wa saba: kautakieni amani mji ule, mkauombee, kwa maana katika amani yake ninyi mtapata amani. Nilikuwa nimekata kipande cha barua ya mtu mwingine nikakibandika kabatini kama risiti yangu. Ahadi ni ya kweli, sikatai. Lakini pale hapajaandikwa ndege wala Aprili, na nililoandikiwa wazi, kupanda na kuutakia mji wangu amani, nilikuwa sijalisoma.

Mimi siwezi kusema wahubiri wote wa "dai chako" ni waongo. Nasema tu kwamba yule wa kwenye simu hakuwahi kunisomea mstari wa kumi, na alikuwa na muda wa kutosha; yale mahubiri yalikuwa ya dakika arobaini.

Siku ya pili yake nilirudisha sahani mwenyewe badala ya kumtuma mtoto. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye jamvi anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hiyo chai umeleta?"

Nikakaa. Sijui kwa nini nilimsimulia habari ya Eliya. Labda kwa sababu sikujua kushukuru kwa njia nyingine. Nabii Ilyas anamjua, akanisikiliza vizuri, anatikisa kichwa. Nilipofika kwa kunguru akasimamisha mkono kwenye ungo.

"Ehe. Kwa hivyo mimi ndiye kunguru wako?"

Nikataka ardhi inimeze. "Hapana, Bi Mkubwa, siyo hivyo nilivyo..."

"Ndivyo ulivyosema." Alikuwa anacheka, jino moja la mbele halipo. "Haya. Kunguru hana hiana, akitumwa anakwenda. Sasa nisikilize na mimi. Mwanangu ana kiwanja Fuoni, kimeota majani mpaka wezi wanajificha. Nenda kalime. Kisima kipo. Mchicha, bamia, utakachoweza. Ukipata, mimi niletee wa kupikia, basi."

Mimi mikono yangu ilikuwa imezoea kuonesha milango. Jembe lilinitoa malengelenge siku ya kwanza. Lakini ilikuwa Mei, masika bado yanamimina, ardhi laini, na mtu mmoja wa Fuoni akanipa marando ya viazi vitamu bure kwa sababu yake yalikuwa yanamshinda. Mchicha unatoka haraka. Wiki ya nne nilikuwa nauchuma. Mke wangu akaufunga mafungu, akaupeleka sokoni Mwanakwerekwe. Matembele yakafuata. Hatukutajirika, na sitaki mtu asome hapa akadhani kuna muujiza wa shamba. Kuna wiki konokono walikula kila kitu. Kuna wiki tuliuza mafungu kumi, tukatoa nauli, tukabaki na pesa ya unga tu. Lakini unga ulikuwepo. Naisoma ile habari ya mjane wa Sarepta kwa jicho jingine sasa: pipa la unga halikupunguka. Haikuandikwa kwamba lilijaa. Kila siku alilikuta na unga wa siku ile, na kila siku, nadhani, alichungulia kwa hofu.

Halafu yule mjane hakuwa hata mtu wa kabila la Eliya. Alikuwa wa Sidoni. Bwana Yesu alipowakumbusha watu wa kwao Nazareti jambo hilo, kwamba wajane walikuwa wengi Israeli na Eliya akatumwa kwa huyu, walikasirika wakataka kumtupa chini ya mlima. Nimekaa kanisani maisha yangu yote, sikuwahi kuelewa kwa nini wakasirike. Siku hizi naelewa. Mtu anapenda alishwe na wa kwake.

Juni, ndege chache zimeanza tena lakini wageni hakuna, nilipata kibarua cha kubeba mbao Mkunazini mjini, nikaingia kanisani wakati wa kupumzika. Hakukuwa na mtu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kuwa mle ndani bila kundi nyuma yangu. Nikakaa benchi la nyuma nikainua macho kwa lile paa bila kulionesha kwa mtu yeyote.

Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ile ile. Hilo nalisema kila siku. Lakini mle kwenye kimya nilimwacha Steere nikawafikiria wengine, wale niliokuwa nanyamazia kwa mahesabu. Soko lilifungwa 1873. Waliosimamishwa pale 1872 nao walikuwa na mama zao, nao waliomba, kwa lugha zao na kwa majina ya Mungu waliyoyajua. Waliomba kwa bidii kuliko mimi na ndege zangu. Mwaka mmoja tu. Kwao haikufika.

Hapo ndipo sina maneno ya kumpa mgeni. Waraka kwa Waebrania unasema juu ya watu wa imani kwamba walikufa wasijazipokea zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali, wakakiri kuwa walikuwa wageni na wasafiri juu ya nchi. Wageni na wasafiri, maneno ya kazi yangu hayo. Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi nikayaona mazuri. Siku ile niliyaona mazito. Mtu anayeniambia Mungu hutoa kila mara, kwa wakati, kwa kila aombaye, namwomba akae mle ndani nusu saa peke yake, kisha tuendelee na mazungumzo.

Tena sihitaji kwenda mbali hadi 1872. Mwenzangu wa kwaya, sauti ya nne, mtembezaji kama mimi na mwenye Kiitaliano kizuri kuliko changu, alifunga na kuomba kunipita. Hakuwa na Bi Mkubwa nyumba ya pili. Aliuza vespa yake, kisha friji, kisha akapanda boti na familia yake kurudi kwa wazazi wake Tanga. Tunazungumza kwa simu. Hajaacha kuomba, wala mimi sijathubutu kumsimulia habari ya kunguru. Nahisi ingekuwa kama kula mbele ya aliyefunga.

Nililobaki nalo ni dogo. Ile karatasi niliibandua. Sasa naomba kama tulivyofundishwa, mkate wa leo, na nikishauomba nafungua mlango nione nani amesimama nao. Mara nyingine ni mtu niliyetarajia. Mara nyingine mkate wenyewe uko mkononi mwangu na aliyesimama nje ana njaa, na hapo ndipo naona kwamba Mungu alipowaamuru kunguru hakuwauliza kama wanapenda kazi hiyo.

Wageni walirudi mwishoni mwa mwaka, na waliokuja kwa wingi walikuwa Warusi. Mimi na Kiingereza changu na Kiitaliano changu cha kuombea maji nikajikuta najifunza "spasibo" nikiwa na miaka arobaini na tatu. Shamba la Fuoni sikuliacha. Nalima asubuhi, natembeza mchana.

Krismasi ile tulinunua kuku wawili. Mjukuu wa Bi Mkubwa ndiye aliyewachinja, ili nyama iwe halali kwa bibi yake, na amekuwa akituchinjia kila mwaka tangu akue. Mke wangu akapika pilau, akatia bizari na mdalasini mpaka mtaa ukajua. Nikachukua sahani ile ile ya futari, maana ilikuwa imebaki kwetu tangu Idi, nikaijaza mpaka kawa ikakataa kukaa sawa. Nikapiga hodi mwenyewe.

Bi Mkubwa akainua kawa, akanusa, akaniangalia kutoka juu mpaka kwenye kandambili.

"Haa," akasema. "Leo kunguru ni wewe."

Kisha akamwita mjukuu wake aende uani akakate mchaichai.